Mfupa wa Kiwandani

Swali lililonifanya niziandike kurasa hizi niliulizwa na daktari mmoja mwaka 2023, nami nikakosa jibu. Mke wangu alikuwa amelala kwa ubavu mmoja, kwa kuwa ubavu wa pili ulikuwa haugusiki. Daktari, kijana wa umri wa mwanetu wa pili, alikuwa ameinua picha ya eksirei akiielekeza dirishani. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akageuka na kuniuliza, “Mzee, hii nyonga ya bandia aliyo nayo mama ni ya kampuni gani?”

Nikamtazama mke wangu, naye akanitazama. Miaka 15 alikuwa ameibeba mwilini mwake. Alikwenda nayo sokoni, misibani na harusini, akaswali nayo akiwa amekaa kitini. Lakini ni ya nani, imetoka wapi, na imetengenezwa kwa madini gani, hatukujua yeye wala mimi.

Hospitali aliyopasuliwa mara ya kwanza, mwaka 2008, sina haja ya kuitaja. Niliifuata. Karani wa masjala alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akaingia ndani akakaa karibu saa nzima. Alipotoka, mikono yake ilikuwa na vumbi hadi viwikoni. “Mzee wangu, majalada ya miaka hiyo yaliliwa na mchwa,” akasema, “na yaliyosalia yalilowa mvua.” Alisema kwa haya, kana kwamba mchwa wale ni jamaa zake. Sikuweza kumlaumu.

Baadaye daktari alinieleza kilichokuwamo katika jalada lile. Kila kipandikizi hutoka kiwandani ndani ya boksi lake, na ndani ya boksi mna stika zenye jina la mtengenezaji, saizi, na namba ya mkupuo ambamo kifaa kilitengenezwa. Muuguzi wa chumba cha upasuaji huzibandua stika hizo na kuzibandika katika jalada la mgonjwa. Kijikaratasi cha upana wa vidole viwili, basi. Hicho ndicho walichokula mchwa, na hicho ndicho kilichomgharimu mke wangu.

Kwa wasioijua, nyonga ya bandia si kitu kimoja. Kuna shina la chuma linaloshindiliwa ndani ya fupa la paja. Juu ya shina kuna tufe dogo. Tufe hilo huzunguka ndani ya kikombe kilichopachikwa katika mfupa wa nyonga, na baina ya tufe na kikombe kuna ganda la plastiki ngumu. Ganda hilo, ambalo mimi mtoto wa fundi cherehani naliita bitana, ndilo linalolika kadiri miaka inavyokwenda. Bitana ikichakaa, daktari anaweza kuitoa na kutia nyingine, kikombe kikabaki palepale. Lakini bitana ya kampuni moja haishiki katika kikombe cha kampuni nyingine. Asiyejua kikombe ni cha nani hana namna ya kuiagiza bitana yake. Itambidi aking’oe kikombe chenyewe, ambacho mfupa umekwisha kukikumbatia kwa miaka.

Hilo ndilo lililokuwa likimngoja mke wangu.

Daktari akafungua kabati, akanitolea kikombe cha mfano nikishike. Kilikuwa cha titani, chepesi kuliko nilivyotazamia. Ndani kilikuwa laini kama sahani ya kauri, na nje kilijaa vitundu kama jiwe la matumbawe linalookotwa ufukweni Raskazone. Akaniambia, “Hiki hakikuchongwa, wala hakikumiminwa katika kalibu. Kimechapwa.”

Nilikwisha kusikia habari za mashine zinazochapa vitu badala ya maneno. Nikafurahi, nikamwambia, “Kama vinachapwa, basi mpimeni mwenyewe, mkamchapie cha kwake.”

Akatabasamu. “La, mzee. Hiki kimechapwa pamoja na maelfu ya wenzake. Saizi ya mama ipo kabatini.”

Nakiri kwamba moyoni nilihisi kama tumedharauliwa. Nilijiuliza: ikiwa mashine ina uwezo wa kumtengenezea kila mtu mfupa wake, kwa nini mke wangu apewe uliotengenezwa kwa ajili ya mtu yeyote? Je, kumtengenezea binadamu kiungo kwa wingi, kama vile anavyotengenezewa sabuni na viatu, si kumshusha hadhi? Swali hilo nilitoka nalo hospitalini, nikalala nalo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiligeuzageuza. Leo namweleza msomaji nilikofikia.

Nianze na mashine yenyewe. Mwaka 1984 Mmarekani Charles Hull aliomba hataza ya njia ya kujenga kitu kwa matabaka, na hataza hiyo aliipata mwaka 1986. Yeye alitumia utomvu unaogandishwa kwa mwanga. Njia ya kufanya hivyo kwa madini ilikuja baadaye, na kampuni ya Arcam ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 1997, ilikuwa miongoni mwa waliotangulia. Unga wa titani iliyochanganywa na alumini na vanadi hutandazwa juu ya meza ndani ya chumba kisicho na hewa, katika tabaka jembamba linalokaribia unene wa unywele. Mwale wa elektroni hupita juu yake ukiyeyusha pale tu palipochorwa. Meza hushuka kidogo, unga mwingine hutandazwa, na mwale hupita tena. Baada ya saa nyingi, fundi hufukua ndani ya unga ule akatoa vikombe, kama mkulima afukuavyo viazi.

Uzuri wake ni kwamba vile vitundu vya nje na sehemu ngumu ya ndani huzaliwa pamoja, vikawa kitu kimoja. Zamani kikombe kilitengenezwa kwanza, kisha kikapuliziwa au kugandishiwa ngozi ya nje iliyokwaruza, ili mfupa upate pa kushika. Sasa mfupa huota ndani ya vitundu vyenyewe. Mwaka 2007, nchini Italia, daktari Guido Grappiolo alimwekea mgonjwa kikombe cha nyonga kilichochapwa namna hiyo, na tangu hapo viwanda vya Italia, Ireland, Marekani na kwingineko vimekuwa vikichapa kwa wingi. Sababu ni nyepesi kueleweka. Kalibu ni ghali, na kila saizi inataka kalibu yake, ilhali mashine ya kuchapa haina kalibu. Juu ya meza moja unaweza kuchapa saizi nne kwa mkupuo mmoja, kwa kubadilisha mchoro tu.

Kwa hiyo jambo lenyewe lina kinaya. Chombo kilichosifiwa kwamba kitamfanyia kila mtu cha kwake, kimekuwa chombo cha kufanyia watu wengi kitu kilekile.

Si kwamba kile cha kwanza hakiwezekani. Mwaka 2011, huko Uholanzi, bibi mwenye umri wa miaka 83 ambaye taya lake la chini lilikuwa limeharibiwa na maradhi, alichapiwa taya zima la titani kwa kipimo cha uso wake. Hapana kabati duniani ambalo lingekuwa na taya lake. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu ambaye uvimbe umemla nusu ya mfupa wa nyonga. Hawa ndio ambao kipimo cha mmoja kiliwekwa kwa ajili yao, na atakayewanyima kwa hoja ya gharama itampasa awe na moyo mgumu.

Lakini mke wangu hakuwa mmoja wao. Nyonga yake ilikuwa kama nyonga za wanawake wengi wa umbo lake. Tamaa yangu ya kumpatia kifaa kisicho na mwenzake ilikuwa ni fahari yangu mimi zaidi kuliko haja yake yeye.

Hapa ndipo nilipomkumbuka baba. Alikuwa fundi cherehani mjini Tanga kwa miaka 38, na kazi zake zilikuwa za namna mbili. Kulikuwa na suti na kanzu, ambazo mteja alisimama mbele yake akapimwa mabega, kifua na urefu. Na kulikuwa na sare za shule, ambazo alizikata jora kwa jora kwa saizi chache, akazishona usiku na mchana kabla shule hazijafunguliwa. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba suti ndiyo kazi yake ya heshima na kaptula za kaki ni za kutafutia ugali tu. Siku moja nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba suti akiikosea ataonana na mtu mmoja, tena mtu mzima ambaye atakuja dukani kumgombeza. Kaptula akizikosea, watoto arobaini watachekwa, na hakuna hata mmoja atakayejua amfuate nani.

Kile kitu cha mmoja kina upungufu ambao sisi wateja hatuuoni. Hakina wenzake. Hakuna aliyekivaa kabla yako akatuambia kinavyochakaa baada ya miaka 10. Kikivunjika, hakuna atakayejua kama ni bahati mbaya au ni kosa la mchoro. Sheria ya Marekani yenyewe, tangu mwaka 2012, imeweka mpaka: kifaa cha tiba kilichoachiwa taratibu za kawaida za uthibitisho kwa hoja kwamba ni cha mtu mmoja mahsusi, kisizidi 5 vya aina yake kwa mwaka. Maana ya mpaka huo ni kwamba upekee ni ruhusa ya dharura, si daraja ya juu ya utu. Kile chenye maelfu ya wenzake, mwenye kuwekewa leo anategemezwa na waliowekewa jana. Wamekwisha kumjaribia.

Basi je, nimekwisha kupata jibu, kwamba kiwanda ni chema? Sivyo. Kwani hoja hiyohiyo ina upande wa pili, nao ni mkali.

John Charnley, daktari Mwingereza wa hospitali ya Wrightington, ndiye baba wa nyonga ya bandia ya siku hizi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitumia bitana za plastiki iitwayo Teflon. Wagonjwa walisimama, wakatembea, wakamshukuru. Baada ya miaka michache bitana zikaanza kulika, na vumbi lake likaleta uvimbe na maumivu. Wagonjwa wapatao 300 walikuwa wamekwisha kuwekewa. Charnley alijitia mwenyewe Teflon katika paja lake ili aone mwili unavyoipokea. Akawarudia wagonjwa wake kuwapasua upya. Mwaka 1962 alipata plastiki nyingine iliyo ngumu zaidi, na bitana nyingi za leo ni wajukuu wa hiyo. Miaka iliyofuata aliwaomba wagonjwa wake ruhusa kwamba wakifa, nyonga zile zitolewe zikachunguzwe, na wengi wakakubali.

Daktari huyu alikosea, tena alikosea juu ya miili ya watu 300. Hata hivyo sioni kwamba aliwadharau. Aliwajua. Aliweza kuwatafuta na kuwarudia. Kosa lake lilikuwa na majina, na kwa hiyo toba yake ilikuwa na mahali pa kwenda.

Sasa linganisha na jambo la mwaka 2010. Mwezi Agosti mwaka huo kampuni ya DePuy ilizirudisha nyonga zake za aina ya ASR, ambazo kikombe na tufe vyote vilikuwa vya madini, baada ya kuonekana kwamba zilishindwa mapema kupita kiasi na kumwaga chembe za kobalti na kromi katika nyama ya mtu. Watu wapatao 93,000 duniani walikuwa wamekwisha kuwekewa. Hapo msomaji aone nguvu ya kiwanda: kosa la mchoro mmoja likawa kosa la mji mzima. Lakini aone pia kilicholifichua. Hayakuwa malalamiko ya mgonjwa mmoja mmoja, kwani kila mmoja aliweza kuambiwa kwamba ni umri wake au uzito wake. Yalikuwa ni madaftari. Australia na Uingereza zilikuwa na rejista za taifa ambamo kila nyonga iliyowekwa iliandikwa, na kila iliyotolewa ikaandikwa vilevile. Sweden ilianza ya nyonga mwaka 1979. Aliyehesabu ndiye aliyeona.

Katika kuchapa, hatari ya kosa kuzaana haikupungua. Unga unaobaki juu ya meza huchekechwa ukatumiwa tena, na kila unapotumiwa hunyonya oksijeni kidogo, ambayo ikizidi huifanya titani iwe rahisi kupasuka. Ndani ya chuma kilichochapwa panaweza kubaki kijitundu kisichoonekana kwa jicho. Punje za unga zaweza kukwama katika vile vitundu vya nje zisitoke zinapopulizwa. Viwanda vinayajua haya. Pamoja na vikombe, juu ya meza ileile huchapwa vijiti ambavyo kazi yake ni kuvunjwa tu, ili ijulikane kama mkupuo ule una nguvu inayotakiwa. Lakini kijiti hueleza habari za kiwandani. Habari za mwaka wa 12 ndani ya mwili wa mama mmoja, hizo haziwezi kuelezwa ila na huyo mama, na ni lazima awepo wa kumwandika.

Tena kuna jambo ambalo kikombe kilichochapwa kinalo zaidi ya vile vya zamani. Sifa yake kubwa ni kwamba mfupa huota ndani yake. Lakini kadiri unavyoota vema, ndivyo kukitoa kunavyokuwa kuukata mfupa wenyewe. Kifaa kinachofaulu sana ndicho kisichoondoka kwa amani. Kwa hiyo anayemwekea mtu kitu kama hicho bila kuweka maandishi amemfunga fundo na kuutupa mwanzo wa uzi. Nilipolielewa hili ndipo nilipoacha kukasirika kuhusu kabati, nikaanza kukasirika kuhusu mchwa.

Siku moja, mwaka 1974, baba alinunua majora mawili ya kaki kutoka kwa mfanyabiashara mmoja. Kwa kila jora alishona ndani ya mkanda wa kaptula uzi wa rangi yake, jora hili uzi mwekundu, lile uzi wa buluu. Kisha akaandika katika daftari lake jina la kila mtoto na rangi ya uzi wake. Niliona ni kazi ya bure. Baada ya wiki tatu akaja mama mmoja na kaptula ya mwanawe iliyorudi kwa maji, imekuwa fupi mno. Baba akageuza mkanda, akaona uzi mwekundu. Hakungoja mwingine aje. Alilifungua daftari, akanisomea majina, akanituma Ngamiani, Chumbageni na Makorora nikawaambie wazazi kwamba kaptula zirudishwe, atazishona nyingine. Walikuwa watoto 41. Nilikuwa na miaka 11, na kwa akili yangu niliona baba anakwenda kuitafuta hasara milangoni mwa watu. Wengi wao hawangekuja. Wangefikiri mtoto amekua.

Nimechukua karibu nusu karne kuelewa nilichotumwa siku ile. Heshima ambayo baba aliwapa watoto wale haikuwa ya kuwapima mmoja mmoja, kwani hakuwapima. Ilikuwa kwamba kila mmoja wao, ndani ya wingi ule, alitafutika.

Hapo ndipo nilipofikia, msomaji. Naona tunakosea tunapodhani kwamba binadamu huheshimiwa kwa kupewa kitu kisichofanana na cha mwenzake. Miili yetu inafanana kuliko majivuno yetu yanavyotaka, na katika kufanana huko ndimo ulimo usalama wetu, kwa kuwa dawa iliyomponya jirani yangu ina matumaini ya kuniponya mimi. Kutengeneza mifupa kwa wingi si dhambi. Dhambi ni kuitengeneza kwa wingi, kuitawanya kwa wingi, kisha kuwasahau waliopewa mmoja mmoja.

Wako watakaosema kwamba madaftari ni anasa ya nchi tajiri. Sikubali, na ushahidi sitautoa mbali. Malawi, jirani yetu, ilianzisha rejista yake ya taifa ya viungo vya bandia mwaka 2005, miaka mitatu kabla mke wangu hajapasuliwa. Na pale Muhimbili, katika Taasisi ya Mifupa, watu waliovunjika mapaja kwa ajali za pikipiki na magari wamekuwa wakiwekewa msumari wa chuma utolewao bure na shirika la SIGN, ambalo daktari Lewis Zirkle alilianzisha huko Richland, jimbo la Washington, mwaka 1999. Msumari ule haukuchapwa kwa mwale wowote. Ni chuma cha kawaida, uliobuniwa uwekwe hata pasipo mashine ya eksirei chumbani, na hutengenezwa kwa wingi ili uwafikie wasio na kitu. Lakini una sharti lake: daktari anayeuweka hutuma picha na habari za mgonjwa, na kwa kila msumari ulioandikwa hutumwa mwingine. Kwa maneno mengine, kifaa cha maskini kina daftari, ilhali nyonga ambayo mimi niliilipia kwa kuuza shamba haikuwa nalo.

Bado kuna deni moja ambalo ningependa kiwanda kikumbushwe. Saizi zilizo kabatini zilipangwa na watu waliowapima watu wa kwao. Zamani wangeweza kujitetea kwamba kuongeza saizi ni kuongeza kalibu. Sasa kalibu haipo. Ni kweli kwamba saizi mpya bado itahitaji kujaribiwa na kuwekwa akiba, na hilo lina gharama. Hata hivyo, ikiwa mashine inaweza kubadilisha umbo kwa mchoro tu, basi atakayemwambia mtu mfupi wa Lushoto au mrefu wa Rumbek kwamba mwili wake ndio wenye kosa, atakuwa hana pa kujificha. Kipimo cha wote kinapasa kiwe cha wote kwelikweli.

Mke wangu alipasuliwa mwezi Septemba 2023. Ilichukua saa tano. Kikombe cha zamani kilitoka pamoja na vipande vya mfupa uliokuwa umekishika. Daktari alituonyesha: bitana ilikuwa imelika upande mmoja, lakini kikombe chenyewe kilikuwa kizima, hakina hata mkwaruzo. Kingejulikana jina lake, pengine kingebaki. Sasa anatembea kwa mkongojo, na mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Hajalalamika. Ninayelalamika ni mimi.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, nilimwomba muuguzi stika moja ya ziada. Akanishangaa, kisha akanipa mbili. Kadi ya kipandikizi, ambayo sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2021 imeamuru mgonjwa apewe, sisi hatukuipewa, basi nimeitengeneza ya kwetu. Stika moja nimeibandika ndani ya jalada la kitabu cha nyumba ambamo tumeandika siku za kuzaliwa watoto. Nyingine imo katika pochi ya mke wangu, pamoja na kitambulisho chake. Binti yetu amezipiga picha zote mbili. Mke wangu alipoona nimezidi, alicheka akasema, “Sasa nimekuwa na namba kama gari.”

Nami nilicheka. Lakini usiku ule niliwaza juu ya mama aliyelala kitanda cha pili katika wodi ile, aliyetoka mbali, hajui kusoma, wala hana wa kumbandikia stika. Naye aliwekewa kikombe kama cha mke wangu, kutoka katika kabati lilelile. Siku kitakapoanza kuuma, swali litakuwa ni lile lile, na atakayepaswa kuwa na jibu si yeye.